Anayetufundisha uongozi bora ana kesi ya ulaghai, na baba yangu ni mdai

Ami, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Kilifi, nina miaka 29. Mchana nafanya kazi ya uhasibu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa, jioni nasoma shahada ya uzamili ya biashara. Nimebakiza somo moja na utafiti, kisha nimalize.

Somo hilo moja ni uongozi wa kampuni, na anayelifundisha ni mhadhiri wa muda. Ni mtu mpole, hufika kabla yetu, na sijawahi kupata mwalimu kama yeye. Akikueleza mtiririko wa fedha utadhani anakusimulia habari za jirani. Wiki ya tatu alitufundisha Enron, saa mbili unusu bila kutazama karatasi: jinsi kampuni ile ya nishati ya Houston ilivyoficha madeni kwenye kampuni za pembeni, jinsi ilivyoandika leo faida iliyotarajiwa miaka ya mbele, na jinsi wafanyakazi walivyoamka asubuhi akiba yao ya uzeeni imekwisha. Alipomaliza darasa lilimpigia makofi. Mimi mikono ilibaki mapajani.

Jina lake nalijua tangu siku ya kwanza. Alikuwa mkurugenzi wa fedha wa kampuni ya supamaketi iliyoanguka miaka minne iliyopita. Yeye na wenzake watatu walishtakiwa: inadaiwa vitabu vilionyesha bidhaa ghalani ambazo hazikuwepo, na faida iliyopikwa ili benki ziendelee kukopesha. Wote wamekana. Kesi imeahirishwa mara nyingi hata magazeti yameacha kuiandika. Darasani hajawahi kuitaja, wala kampuni yenyewe hajaitaja, hata kwenye slaidi inayoonyesha mahali alikowahi kufanya kazi.

Ami, baba yangu alikuwa akiwapelekea mayai, trei 300 kila wiki. Mkataba ulisema walipe baada ya siku 60. Zikawa 90, kisha ikawa ni "wiki ijayo, mzee". Siku milango ilipofungwa walikuwa wanamdai... nimekosea, yeye ndiye aliyekuwa akiwadai, shilingi milioni 1.4. Chakula cha kuku alikuwa amekinunua kwa mkopo wa hati ya shamba. Aliuza mabanda, mabati na mbao, akalipa benki. Leo ana kuku wa kienyeji wasiofika 30, na bahasha ya khaki juu ya kabati yenye ankara na risiti za mzigo.

Sasa chuo kimenipangia mhadhiri huyu kuwa msimamizi wangu wa utafiti. Mada yangu ni namna supamaketi zinavyochelewesha malipo ya wauzaji wadogo, na wadogo hao huishia wapi. Aliisoma, akasifu maandishi, kisha akasema: "Mada hii ina hisia nyingi kwa hapa nyumbani. Chukua mfano wa nje, Afrika Kusini au Uingereza." Hajui mimi ni binti ya nani. Wauzaji walikuwa mamia.

Darasani nako moto umewaka. Mwenzetu mmoja amepata karatasi ya mashtaka, anataka kuitupa kwenye grupu la WhatsApp na tutie saini afukuzwe. Wengine wanasema aachwe, kushtakiwa si kupatikana na hatia, na isitoshe ndiye pekee anayetufundisha mambo yalivyo. Mimi nimenyamaza katikati yao.

Kila Jumapili baba hupiga simu kuuliza masomo. Nusu ya karo yangu anailipa yeye, sijui anaitoa wapi. "Walimu wenu wazuri?" Nami husema wazuri. Nikikata simu najiona mwongo.

Nibaki naye au nimkimbie? Nimwambie mimi ni nani? Na je, ni sawa kweli mtu kama huyu kupewa chaki?

Mwanafunzi wa jioni, Mombasa

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimesimama palepale: alipokwambia uihamishe mada yako Afrika Kusini. Mengine uliyoniandikia yana pande mbili, tutayajadili. Hili halina. Mtu aliyeshika fedha za supamaketi iliyokufa na madeni ya wauzaji hawezi kukaa juu ya utafiti unaouliza kwa nini supamaketi hazilipi wauzaji, halafu akamwelekeza mtafiti atazame mbali. Hata kama nia yake ilikuwa njema. Hata kama kesho mahakama itamwachia huru. Alipaswa kuirudisha karatasi ile kwa mkuu wa idara siku ileile na kusema, hii mpeni mwingine.

Nami nashangaa, kwa sababu amewafundisha Enron saa mbili unusu. Sijui kama aliwaeleza sehemu hii. Andrew Fastow, mkurugenzi wa fedha wa Enron, mwaka 1999 alianzisha ubia alioupa jina la LJM, herufi za kwanza za majina ya mkewe na wanawe wawili. Ubia ule ulikuwa unafanya biashara na Enron yenyewe. Maana yake Fastow alikaa pande zote mbili za meza, upande mmoja akiuza mali ya mwajiri wake, upande wa pili akiinunua. Kanuni za maadili za Enron zilikataza jambo hilo. Bodi ya wakurugenzi ilifanya nini? Iliziweka kanuni kando ili Fastow aruhusiwe. Akajipatia zaidi ya dola milioni 30 kutoka kwenye ubia huo. Tarehe 2 Desemba 2001 Enron ikaomba kinga ya kufilisika.

Nilikaa miaka 22 kwenye ukaguzi wa hesabu, na kama ningeambiwa nichague ugonjwa mmoja unaoua kampuni kuliko yote, ningeuchagua huu. Wizi wa fedha huja baadaye. Kwanza huja mtu mwenye maslahi pande mbili, na walio karibu naye wakaamua kutouliza. Meza yako ya utafiti, mwanangu, ina mtu aliyekaa pande mbili.

Sasa niseme ambalo huenda usilipende: wewe pia una maslahi. Baba yako ni mdai. Ukinyamaza nawe, mmekuwa wawili mnaoficha, na siku jambo hili likifumuka, yeye ana wakili, wewe una alama ambazo hazijatoka. Kwa hiyo tangulia. Mwandikie mratibu wa masomo ya uzamili barua fupi, nakala kwa mkuu wa idara. Sema: baba yangu ni mmoja wa wadai wa kampuni ambayo msimamizi wangu alikuwa mkurugenzi wake wa fedha, mada yangu inagusa malipo ya wauzaji wa supamaketi, kwa haki ya pande zote naomba nipangiwe msimamizi mwingine, na niendelee na mada yangu kama ilivyo. Ongeza ombi moja, kwamba karatasi yako ya mtihani katika somo lake isomwe na msahihishaji wa pili. Basi. Usiandike mwizi, wala tapeli, wala usiitaje kesi. Huhitaji kumshinda mtu yeyote katika barua hiyo, unatangaza hali yako tu. Weka tarehe, omba mhuri wa kupokelewa, baki na nakala. Na utakapoandika sura ya mbinu za utafiti, litangaze tena humo, kwamba mzazi wako aliwahi kuwa muuzaji wa aina unayoichunguza. Utafiti wako utaheshimika zaidi kwa hilo.

Kumwambia yeye ana kwa ana? Sikushauri, angalau hadi alama zitoke. Ukimfuata ofisini na kumwambia mimi ni binti wa fulani aliyekudai, hata ukisema kwa upole namna gani, itasikika kama unamdai, au unamtisha. Uliandika mwenyewe kwamba mikono yako ilibaki mapajani wenzako walipopiga makofi. Mwenye uchungu wa namna hiyo hachagui maneno vizuri mbele ya aliyemuumiza, na hasemi kwa muda mfupi.

Tuje kwa huyo mwenzenu mwenye karatasi ya mashtaka. Mzuieni. Ibara ya 50 ya Katiba yetu inampa kila mshtakiwa haki ya kuchukuliwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo, na haki hiyo haikuwekwa kwa ajili ya watu tunaowapenda. Nakumbuka Arthur Andersen, wakaguzi wa Enron. Juni 2002 walitiwa hatiani kwa kuvuruga upelelezi. Mei 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatengua hukumu kwa kauli moja. Lakini kampuni ilikuwa imeshakufa, na watu wapatao 85,000 waliokuwa wakila mkate hapo, wengi wao hawajawahi hata kuliona faili la Enron, walikuwa wametawanyika. Mimi nina rafiki zangu katika kazi hii ambao hadi leo hawalizungumzi jambo hilo bila sauti kupanda.

Lakini msitumie haki hiyo kufunga midomo pia. Kuna HealthSouth, kampuni ya hospitali ya Birmingham, Alabama, ambayo udanganyifu wake ulijulikana mwaka 2003. Wakurugenzi wa fedha watano, wote waliowahi kushika kiti hicho, walikiri makosa. Mkuu wao, Richard Scrushy, alisimama mahakamani kwa mashtaka 36 na mwaka 2005 baraza la mahakama likamwachia kwa yote. Miaka minne baadaye, katika kesi ya madai iliyoletwa na wenye hisa, jaji akamwamuru alipe dola bilioni 2.88 kwa udanganyifu uleule. Kesi ya jinai huuliza swali moja, kesi ya madai swali jingine. Swali la nani anafaa kusimama mbele ya wanafunzi ni la tatu, na hilo haliwezi kusubiri hakimu. Linawahusu wenye chuo, leo.

Umeuliza kama ni sawa kupewa chaki. Wako waliopewa. Michael Milken, aliyekiri makosa sita ya masoko ya hisa mwaka 1990 na kuzuiwa maisha yake yote asirudi katika biashara hiyo, mwaka 1993, mwaka uleule aliotoka jela, alikuwa akifundisha fedha katika shule ya biashara ya chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles. Watu walipiga kelele, wanafunzi wakajaa. Fastow mwenyewe alikiri mwaka 2004, akahukumiwa miaka sita, akatoka Desemba 2011, na tangu hapo amezunguka vyuo vingi vya Marekani. Husimama na vitu viwili mkononi: tuzo aliyopewa na gazeti la wakuu wa fedha mwaka 1999, na kitambulisho chake cha gereza. Huwaambia wanafunzi kwamba vyote viwili alivipata kwa kazi ileile. Amezuiwa kabisa kuwa mkurugenzi wa kampuni yoyote inayouza hisa kwa umma. Darasani hakuna aliyemzuia.

Kwetu ni vivyo hivyo. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji inaweza kumfungia mtu asikalie kiti cha mkurugenzi katika kampuni zilizoorodheshwa sokoni. Taasisi ya wahasibu, kwa Sheria ya Wahasibu ya 2008, ina kamati ya nidhamu inayoweza kumwadhibu mwanachama. Kizuizi cha kiti cha mkurugenzi hakifiki ubaoni. Mtu anaweza kuonekana hafai kulinda fedha za wenye hisa, kisha akaaminiwa kuwaumba wale watakaozilinda kesho.

Sitakwambia wote wasifundishe. Aaron Beam, mkurugenzi wa fedha wa kwanza wa HealthSouth, alifungwa miezi mitatu. Alipotoka alijiajiri kukata majani kwenye nyua za watu. Baadaye akaanza kwenda vyuoni kueleza ilivyokuwa, yeye mwenyewe, kwa jina lake: jinsi alivyokubali namba ya kwanza ya uongo kwa kuogopa kumkatalia bosi. Mwanafunzi mmoja akilisikia hilo na kulikumbuka siku bosi wake atakapomwita ofisini, sina budi kushukuru. Lakini kuna Barry Minkow pia. Alianzisha kampuni ya kusafisha mazulia akiwa kijana, akawalaghai wawekezaji, akahukumiwa miaka 25, akatoka 1995. Akawa mchungaji wa kanisa huko San Diego na mwalimu wa kufichua ulaghai, hata maofisa wa upelelezi walimsikiliza. Mwaka 2011 alikiri ulaghai mwingine kwenye soko la hisa. Kisha ikagundulika alikuwa akiliibia kanisa lake lenyewe, na mwaka 2014 akahukumiwa miaka mitano mingine. Ufasaha wa kuueleza wizi si dawa ya wizi.

Ninapowapanga hawa wote, ninaloangalia ni kama mtu amesema yeye ni nani kabla ya kufungua mdomo kufundisha. Fastow na kitambulisho chake, Beam na simulizi yake, msikilizaji anajua anamsikiliza nani, anapima mwenyewe. Mhadhiri wenu amewanyima kipimo hicho. Huenda wakili wake amemkataza kuizungumzia kesi, na ni haki yake kutii. Lakini kuna sentensi ambayo hakuna wakili angeikataza: "Nilikuwa mkurugenzi wa fedha wa kampuni fulani, nina kesi mahakamani, nimekana mashtaka, siwezi kusema zaidi." Inachukua nusu dakika, siku ya kwanza ya muhula. Badala yake amefuta kampuni nzima kwenye slaidi ya maisha yake. Kwa mwalimu wa somo hili, jambo hilo peke yake ni kubwa, kwa maana kufuta kwenye karatasi kilichotokea kweli ndiyo hasa somo analopaswa kuwafundisha mlitambue.

Kwa hiyo kama darasa linataka kutia saini kitu, litie saini ombi kwa idara: kila mhadhiri wa muda atangaze kwa maandishi maslahi na kesi zinazogusa somo lake, na asisimamie utafiti unaoyagusa. Kila mhadhiri, msimtaje yeye. Ombi la namna hiyo chuo kitapata taabu kulikataa, na litawafaa wanafunzi watakaokuja nyuma yenu.

Na liongezwe moja, nalisema kwa sababu limenikera miaka mingi. Tazama majina yote niliyoyaandika hapa. Wote ni wakubwa walioanguka. Darasa la biashara hupenda kumsikiliza mtu aliyewahi kushika mabilioni, hata kama yalikuwa ya uongo. Cynthia Cooper wa WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, aliyekesha na timu yake ya wakaguzi wa ndani mwaka 2002 mpaka wakaifukua dola bilioni 3.8 zilizofichwa kwenye vitabu, anajulikana kwa wachache kuliko Fastow. Na muuza mayai hajulikani kabisa. Nani amewahi kumwita mbele ya wanafunzi wa uzamili mtu aliyepeleka trei 300 kwa wiki, awaoneshe ankara, awaeleze siku 60 zilivyogeuka 90, na ilikuwaje kuyauza mabati ya banda lake mwenyewe? Mada yako ndiyo mlango wa kumwingiza. Ndiyo maana nasema usiipeleke Afrika Kusini.

Hapo tumefika kwa baba. Mwambie, mwanangu, tena kabla hujapeleka barua chuoni. Usimwambie kwa simu ya Jumapili, nenda Kilifi. Atakasirika, na pengine hatakukasirikia wewe. Ninavyowajua watu wa aina yake, kitakachomuuma zaidi ni kulisikia sokoni kutoka kwa mtu mwingine. Mwambie pia kwamba utabaki kwenye somo mpaka limalizike, kwa sababu karo ameilipa na mtihani ni wako. Kujifunza kwa mtu huyo jinsi ya kusoma hesabu hakumaanishi kwamba umemsamehe kwa niaba ya mzee.

Na mkiwa mmekaa, muulize jambo ambalo hukuliandika: je, aliwasilisha madai yake kwa msimamizi au mfilisi wa kampuni? Wauzaji wengi huenda ofisini mara moja, huambiwa subiri, wakarudi nyumbani wakidhani wameandikishwa. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, muuzaji asiye na dhamana hulipwa nyuma ya benki zenye dhamana na nyuma ya mishahara ya wafanyakazi, na mara nyingi kinachomfikia ni kidogo mno. Lakini asiyewasilisha madai hana hata hicho kidogo. Madai ya mkataba nayo yana ukomo wa miaka sita mahakamani, na minne imekwisha. Tafuteni wakili mwezi huu, hata wa msaada wa kisheria, awaambie mmesimama wapi.

Ishushe ile bahasha ya khaki juu ya kabati, na upige picha kila karatasi iliyomo, mbele na nyuma. Anza na risiti zilizotoka kwenye mashine ya supamaketi, maana wino wa karatasi zile hufifia kwa joto la Kilifi, na baadhi huenda tayari zimeanza kuwa nyeupe.